Ngozi ya Watu Wawili

Mananjary, 14 Januari 2007

Kwa Voahirana, mke wa marehemu mwanangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Sisi huku tuko hai. Kimbunga kilipita tukakaa ndani siku mbili tunakula mihogo mikavu, kikaondoka na paa la jiko na kuku wangu yule mwekundu, yule aliyekuwa anataga juu ya kitanda cha Jaofera. Kahawa imeanguka chini yote. Goti langu la kulia ni lile lile, la kushoto nalo limeanza kuiga.

Anayeandika ni Odile, binti wa Mchina wa dukani. Usishangae. Watoto wa shule wa ukoo wetu wapo, wanajua kuandika, lakini midomo yao haina mlango. Odile hana Nyumba Kuu ya ukoo hapa, hana wa kumpelekea maneno. Anacheka sasa hivi. Usicheke, Odile, andika.

Sasa sikia. Huu ndio mwaka wenyewe wa sherehe ya kuwaingiza watoto. Umekuja tena baada ya ile miaka saba, na mwezi wa kumi watoto wote wa kiume wa ukoo wataingia Nyumba Kuu. Niriko ana miaka sita. Akikosa safari hii itabidi angoje nyingine saba, na mimi sijui kama nitakuwepo. Mtoto ambaye hakuvuka kile kizingiti si wetu. Akifa hazikwi na baba yake. Jaofera alikuomba jambo hili alipokuwa mgonjwa, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo namshika miguu, nikakusikia ukisema ndiyo, utamleta.

Lakini kuna maneno. Ile picha uliyonitumia, Niriko kifua wazi, alikuja Mahatsangy, mdogo wake Jaofera kwa baba mdogo, akaiona. Akaenda akaisema. Sasa kisimani wananiuliza, "Zafisoa, mjukuu wako ameshonwa na vitambaa viwili?" Chini ya shingo, kulia mweusi kama baba yake, kushoto mweupe kama nyinyi wa milimani, na mstari unashuka katikati ya tumbo umenyooka kana kwamba mtu amepiga kamba. Mmoja anasema ni ukoma. Mwingine anasema mama yake alikuwa na wanaume wawili. Huyo nilimmwagia maji.

Mpeleke kwa daktari wa ngozi huko mjini kwenu Tana. Nataka jina la kitu hicho, nikalitamke mbele ya Mzee Tovondray, mkuu wa Nyumba Kuu yetu, watu wanyamaze.

Mimi mama yako,
Zafisoa (kidole changu hiki hapa)


Antananarivo, 20 Mei 2007

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Baridi imeanza huku, Niriko anavaa soksi mbili mbili. Kiwandani bado nashona mikono ya mashati. Pole kwa paa na kuku.

Nisamehe kukawia. Daktari alikata vipande vidogo vya ngozi, kimoja kulia na kimoja kushoto, na damu, akavipeleka ng'ambo visomwe. Tumengoja majibu tangu Februari.

Mwanzoni alidhani ni ile hali ambayo mtoto huanza kama mbegu moja, halafu akiwa bado punje tumboni, sehemu yake inabadilika kidogo, na kila kitakachoota kutoka sehemu hiyo kinakuwa na rangi yake. Anasema wako wengi, wengine wana michirizi mgongoni kama maziwa yanapokorogwa kwenye kahawa, na wanaishi miaka yao yote bila kuumwa. Lakini majibu yakaja tofauti. Mama, ngozi ya kulia na ya kushoto si za mtu mmoja! Walikuwa watoto wawili. Mbegu mbili, tumboni mwangu, siku za mwanzo kabisa, kabla hawajapata hata mikono. Wakagusana, wakaungana, akatoka mmoja. Zile chembe zinazotengeneza weusi wa ngozi, kila kundi likapaka upande wake kama lilivyozaliwa. Mmoja alichukua rangi ya Jaofera, mmoja yangu.

Si ugonjwa. Hauambukizi. Hakuna dawa kwa sababu hakuna kinachouma.

Nililia pale pale, kwa furaha. Nimezaa mapacha bila kujua! Kwetu mwanamke aliyezaa mapacha watu wanakuja kumshika mkono. Daktari alimwelezea na Niriko mwenyewe, taratibu, akamchorea. Sasa anajiita sisi. "Sisi tuna njaa." Upande wa kulia amemwita Jaofera.

Waambie hivyo kisimani.

Voahirana


Mananjary, 5 Agosti 2007

Voahirana mwanangu,

Hamjambo huko? Huku mvua imekatika. Tumepanda mpunga wa pili, panya wameula, tumepanda tena. Mke wa Mahatsangy amejifungua mtoto wa kike, mkubwa, mama yake anatembea kama bata mpaka leo. Mchina amepandisha bei ya chumvi, Odile ananikanyaga mguu nisiseme, nasema. Wanawake tumeanza kusuka mikeka ya sherehe. Mimi nimepewa mkeka mmoja mrefu, wa kukalia watoto, macho hayaoni matete lakini vidole vinajua njia.

Barua yako ilifika mwezi wa sita. Usiniulize kwa nini nimekaa kimya. Odile alisoma mpaka pale penye neno lile, akanitazama. Nikamwambia, endelea. Akaendelea. Nikamwambia, rudia. Akarudia. Nikaichukua nikaitia jikoni chini ya sufuria ya mchele.

Jaofera hakukuambia? Wanaume. Anaoa mwanamke kutoka milimani, anaishi naye miaka yote ile, na hamwambii kitu ambacho hapa mtoto wa miaka mitatu anakijua.

Kwetu hakuna mapacha. Sisemi hawazaliwi. Wanazaliwa. Lakini hawavuki kizingiti cha Nyumba Kuu na hawalali katika kaburi la ukoo. Mama akiwazaa, ama anaondoka nao, ama anawatoa na kubaki. Siku hizi wako wanaowalea mjini, serikali inasema, mapadri wanasema, na hakuna anayewapiga. Wanaishi. Lakini mlangoni hawaingii. Usiniulize kwa nini, nami sikumuuliza mama yangu. Nilimwona tu dada yangu Soavina akivuka mto na kapu kubwa, na tangu siku ile jina lake halikuitwa kwetu.

Kwa hiyo, neno lile usilitamke tena. Usiliandike. Daktari amesoma, hewala, amesoma. Mimi nikipika mchele mwekundu na mchele mweupe chungu kimoja, utahesabu vyungu vingapi? Kimoja. Mtoto alitoka mmoja, alilia kwa mdomo mmoja. Yaishe.

Huku nimesema ni maji ya moto. Alikuwa anatambaa, akavuta sufuria ya maji ya ukoko, akaungua upande. Kisimani wamenipa pole, hata yule niliyemmwagia. Mfundishe Niriko aseme hivyo hivyo.

Na hiyo habari ya "sisi" ikome. Mpige kidogo kama hasikii.

Zafisoa


Antananarivo, 26 Agosti 2007

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimesoma barua yako kazini, msimamizi akanikata mshahara wa asubuhi ile, maana nilishona mkono wa shati ukiwa ndani nje.

Nilipofika kwenu mara ya kwanza na Jaofera, mlinicheka sana. Mlisema sisi wa milimani tunawatoa wafu wetu kaburini, tunawavika sanda mpya na kucheza nao muziki, kwamba tuna wazimu. Nikacheka nanyi. Kumbe nilicheka kwa woga tu. Sisi hatuwaachi hata waliokufa.

Nitamleta kwa sababu niliahidi. Si kwa sababu nyingine.

Nimemfundisha. Alikataa siku nyingi. Alisema, "Mama, lakini maji hayakutuunguza." Nikamwambia, "Sema hayakuniunguza." Akasema, "Lakini ulisema niseme yameniunguza." Tukakwama hapo. Sikumpiga. Sasa anasema vizuri, akiulizwa: maji ya moto, nikiwa mdogo. Anasema huku anaangalia ukuta.

Voahirana


Mananjary, 16 Septemba 2007

Voahirana mwanangu mzuri,

Umenifurahisha! Mnakuja! Nimemwambia kila mtu mpaka mbuzi. Hamjambo? Niriko anakula? Huku kila nyumba inapika pombe ya miwa, kijiji kizima kinanuka kama kinywa cha Mahatsangy. Ndiyo, Odile, andika hivyo, atacheka.

Njooni na gari la Alhamisi, dereva mwenye pengo, ndiye asiyepakia nguruwe. Usije na nyama ya nguruwe hata kipande, wala soseji, Nyumba Kuu haitaki. Lete kofia ya baridi ya kwangu, na dawa ile ya kuchua.

Kofia nyekundu ya Niriko, ya kuvukia kizingiti, nimeshona mwenyewe. Nilimpima Odile kichwa kwa sababu sikuwa na kichwa cha mtoto karibu, halafu nikapunguza. Na kanzu nyeupe yenye mikono mirefu, imefunga mpaka shingoni. Wengine kanzu zao ni fupi. Yake nimeirefusha. Nadhani unanielewa.

Mahatsangy amekubali kumpakata siku ya sherehe, badala ya baba yake. Nilimpelekea kuku.

Usiku Jaofera ananijia, hasemi, anakaa pale kitandani alipokuwa anataga kuku, anatabasamu.

Zafisoa


Antananarivo, 18 Novemba 2007

Bi Zafisoa,

Tulifika salama. Mtoto alipata homa njiani ikapita.

Najua ulikuwepo. Lakini naandika, kwa sababu wewe utajisimulia hadithi nyingine, na Odile yako atakuandikia. Basi asome hii kwanza.

Mimi nilisimama nje, mlangoni mwa nyumba ya kungojea zamu ya kuvuka kizingiti, na wanawake wengine walioolewa kutoka nje ya ukoo, nimeshika ncha ya mkeka uliosuka. Nilikuwa naona vizuri. Niriko alikuwa mapajani kwa baba yake mdogo. Joto lilikuwa kali, Mahatsangy akamfungua kanzu shingoni apate hewa. Kwa upendo. Simlaumu.

Mzee Tovondray akamwona. Akamwita kwa upole, "Njoo, kijana. Hii rangi umeitoa wapi?"

"Maji ya moto. Nikiwa mdogo." Akaangalia ukuta.

"Pole sana. Babu nami niliungua, ona." Akamwonyesha mkono wake. "Lakini yangu imekunjamana. Yako mbona laini?"

Mzee akamkatia kipande cha muwa, akampa, akampapasa kichwani. Wala hakuwa anamtega. Alimpenda. Na mwanangu akipendwa hawezi kusema uongo, ndivyo alivyo. Akamnong'oneza, lakini kunong'oneza kwake unakujua, nyumba nzima ilisikia.

"Babu, si maji. Tulikuwa wawili. Huyu na huyu. Tukaungana kwa mama tumboni."

Mtu mmoja akacheka. Halafu hakucheka tena.

"Nani kakwambia?"

"Daktari. Amechora. Hata bibi anajua, alisema tusiseme."

Mzee akageuka kwako. "Zafisoa. Ulijua?"

Ulikuwa umekaa ubavuni pake, mkono wako uko gotini kwa mtoto. Ukauondoa. Ukasema, "Mtoto anaropoka. Mimi sijui kitu. Muulizeni huyo mwanamke wa milimani, ndiye aliyetuletea, ametudanganya sote."

Niriko akakutazama. Akasema, "Bibi, si ulisema kwenye barua?" Ukamwambia, "Kimya, mwongo wewe."

Mahatsangy alikuwa ameshasimama, amejipangusa mapaja. Wazee wakawa wanashauriana nani amtoe na kwa mlango upi. Na mwanangu, anataka kusaidia, akawaambia, "Basi aingie mmoja. Huyu wa kulia, ndiye anayefanana na baba. Mwingine atangoja nje na mama." Alikuwa anawaza kweli, amekunja uso, anatafuta njia wote mfurahi.

Aliyeinuka akamvua kofia ni wewe. Si Mahatsangy, si mzee. Wewe.

Mkeka mliuchoma tukiwa bado tunaonekana njiani. Niriko alinusa moshi akasema wanapika.

Niliahidi kumleta. Nimemleta. Sidaiwi kitu na Jaofera.

Jambo moja tu limebaki, na si langu, ni lake. Kila usiku ananiuliza, nami sijui nimjibu nini. Anauliza, bibi alimkataa yupi, mweusi au mweupe?

Voahirana


Mananjary, 27 Januari 2008

Voahirana,

Hamjambo? Sisi tuko hai. Vimbunga bado, mawingu tu. Mpunga umesimama vizuri mwaka huu, kila mtu anasema sherehe ilipokelewa. Mtoto wa kike wa Mahatsangy ameota meno mawili ya chini. Kahawa nimeuza kidogo. Dawa ya kuchua uliyoniletea imekwisha, ilikuwa nzuri.

Odile leo hacheki. Alinisomea barua yako mara moja, nikamwambia rudia, akasema, "Bibi, mimi hiyo sirudii." Tangu hapo hakuja mpaka leo. Nimemwambia, leo andika nitakayosema, yote, halafu ukitaka usije tena.

Ndiyo. Nilisema hayo maneno. Kofia niliivua mimi. Nilijua mtu atamvua, na Mahatsangy ana vidole vigumu, angemvuta nywele. Usidhani najitetea, nakueleza tu kilichopita kichwani.

Mzee aliponiuliza ulijua, nilimwona Soavina na kapu. Nikaona ningesema ndiyo, ningetoka nanyi kwa mlango ule ule. Ningekuja Tana nivae soksi mbili mbili. Ningekufa huko, na nyinyi mngenizika, mngenifukua, mngenichezesha, sijui. Na Jaofera? Yuko mle kaburini. Wanaume upande wao, sisi upande wetu, lakini paa ni moja. Mwanawe sasa hataingia. Mkewe hataki, na hata angetaka hawamtaki. Nimebaki mimi. Mtu mmoja lazima alale karibu na mwanangu. Nilipima hivyo, haraka, kama unavyotupa kilicho mkono mmoja ili ushike kilicho mkono wa pili. Nilitupa mtoto aliye hai nikashika aliyekufa. Sisi tuliokuwa tunawacheka nyinyi.

Hawajaniondoa. Waliniamini. Tena wananionea huruma, kisimani wananitekea maji, "Pole Bi Zafisoa, yule mwanamke alikutenda." Nami naitikia, asanteni. Kila asubuhi naitikia.

Kofia sikuichoma. Waliuliza, nikasema imeungua na mkeka. Halafu mtoto wa dada yake Mahatsangy hakuwa na ya kuvaa, yake iliingia maji, nikatoa ile. Ilimkaa sawasawa. Ikavuka kizingiti kichwani kwa mwingine. Watu walipopiga vigelegele, nami nilipiga. Sauti ilitoka.

Sikuombi uje. Sikuombi unijibu. Odile ananiuliza kama aandike nisamehe. Usiandike, Odile. Hilo neno si la kutuma na dereva mwenye pengo.

Lakini mtoto ameuliza, na mtoto akiuliza hujibiwa. Nimefikiri tangu mwezi wa kumi na moja. Ningeweza kusema mweupe, kwa kuwa si wetu. Ningeweza kusema hakuna, bibi anawapenda. Asingeamini, alikuwepo.

Mwambie niliwakataa wote wawili. Mwambie hivyo hivyo, usinipunguzie. Akidhani ni mmoja, atakua anamchukia huyo mmoja, na itabidi alale naye kila usiku.

Zafisoa
(kidole changu)